Kushuka Kalinzi kwa Maelekezo Yangu Mwenyewe

Tangu turudi sijanywa chai kwa amani. Nikitoka nje, jirani anauliza. Nikienda kunyoa, kinyozi anazima mashine anisikie vizuri. Kila mtu anataka kujua Kigoma kulikuwaje, na kwa nini mimi, mwenyeji wa Kigoma wa mtaa mzima, nimerudi Dodoma nikitembea kama bata. Nimeamua kuandika mara moja, msome wote, mniache niuguze magoti yangu.

Wengi mnanijua: Baba Neema, gadi wa treni mstaafu. Miaka ishirini na sita nimekaa behewa la nyuma, kwenda Kigoma na kurudi. Yeyote aliyetaka kwenda kutembea Kigoma alikuja kwangu kwanza, nami nilimpangia kila kitu: samaki wa mgebuka ale wapi, boti zinavyoundwa akazione wapi, kahawa anywe wapi, mlima gani apande. Mlikwenda, mkarudi, mkanishukuru kwa mikono miwili.

Sasa kaeni chini. Katika miaka yote ile sikuwahi kuvuka geti la stesheni ya Kigoma. Treni ikifika, mimi nimechoka. Naoga, nalala kwenye nyumba ya mapumziko ya wafanyakazi, kesho yake nageuza. Yote niliyowaambia niliyasikia kwa abiria. Haki ya Mungu, yote.

Mdomo huo ndio ulioniponza. Mke wangu, Mama Neema, ni mwenyekiti wa kwaya ya kanisa letu, na mwaka huu kwaya ilitaka matembezi. Sisi watu wa Dodoma tumezoea vumbi na visima vya kupanga foleni. Ukitutajia ziwa tunasimama wima. Nikawapangia mbele ya kwaya nzima: "Pandeni Kalinzi, kule juu kwenye kahawa, halafu mshuke kwa miguu mpaka Ziwa Tanganyika. Ni mteremko mtupu, mwendo wa saa mbili. Saa sita mchana boti inawangoja ufukweni, inawarudisha mjini." Watu ishirini na wawili wakapiga vigelegele. Sare zikashonwa, za bluu, rangi ya ziwa. Wiki tatu kabla ya safari yao Mama Neema akaniambia, "Twende kwanza sisi wawili unioneshe njia, nisije nikaongoza watu kama kipofu." Ningekataa kwa sababu gani?

Dodoma hadi Kigoma: abiria kwa mara ya kwanza

Kupanda treni kama abiria ni adhabu kwa mtu aliyeizoea akiwa na filimbi mdomoni. Kila tukisimama nilitaka kushuka nikaone kuna nini. Kwenye stesheni moja ndogo baada ya Tabora tulikaa saa nne nzima tukisubiri kupishana. Nikainuka mara tatu, na mara tatu Mama Neema akanivuta shati.

"Kaa chini. Umestaafu."

Nikakaa. Nikala karanga za kuchemsha, nikala kuku wa dirishani, nikanunua asali ambayo tuliimaliza kwa vidole kabla hatujafika Uvinza. Aliyekaa mbele yetu alikuwa mama mmoja wa Kasulu mwenye kapu la maparachichi, mcheshi kweli. Akauliza tunakwenda kwa nani.

"Tunakwenda kutembea," Mama Neema akamjibu, akinigusa bega kwa majivuno. "Mume wangu huyu anaijua Kigoma nje ndani."

"Ehee! Mtatembea wapi?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamweleza Ujiji, nikamweleza Kalinzi, nikamweleza ule mteremko wa saa mbili. Yule mama alinisikiliza vizuri, halafu akainama akatazama viatu vyangu, vile vyeusi vya ngozi vya kwenda ibadani. Alinipa parachichi moja bure, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko maneno.

Kigoma na Ujiji: nafumaniwa

Tulifika mchana. Ziwa lipo hapo hapo chini ya stesheni, na nilikuwa nimelitazama dirishani maisha yangu yote ya kazi. Mama Neema alisimama akalitazama mpaka watu wakawa wanatuzunguka na mizigo yao. Kisha akasema ana njaa, twende kwa yule mama wa migebuka ninayemsifia kila siku.

Nikasimamisha bajaji. "Tupeleke kwa yule mama wa migebuka."

"Yupi, mzee? Wapo wengi."

"Yule maarufu."

Dereva akanitazama kwenye kioo, akatabasamu, akatupeleka kwa shangazi yake, mtaa wa Mwanga. Jamani, Mungu husaidia hata waongo. Tulikula mgebuka wa kuchoma uliopakwa ndimu na pilipili, maharage yaliyopikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo unaovutika. Mama Neema alilamba vidole akasema, "Hapa hukudanganya." Nikanywa maji mengi.

Kutoka pale tukaenda Ujiji. Tulipita mitaa yake mirefu iliyonyooka, misikiti, minazi na michikichi, wazee wamekaa barazani wakicheza bao, tukatokea ufukweni wanakounda boti. Hapa nasema kwa kinywa kipana sasa: nendeni mkaone. Boti nzima inasimama kwenye mchanga, mbavu wazi, na watu wanagonga pamba kwenye maungio ya mbao ili maji yasipenye. Fundi tuliyemkuta anaitwa Ramadhani, mtu wa miaka thelathini na kitu. Alituamkia, akaacha nyundo, akauliza tumetoka wapi. Mama Neema akamweleza safari ya kwaya yote, mpaka ile boti ya saa sita.

Ramadhani akacheka mpaka akashika ubavu wa boti. "Boti imngoje mtu? Mama, boti ya vijijini haingoji, inapita. Na kutoka Kalinzi mpaka chini kwa saa mbili labda mbuzi." Akanigeukia kwa adabu zote. "Mzee wangu, wewe hiyo njia uliipita mwaka gani?"

Nikainama nikaukagua ubavu wa boti.

Mama Neema akanigeukia polepole. "Baba Neema. Wewe umewahi kufika hapa Ujiji?"

"Nimefika Kigoma."

"Kigoma wapi?"

"Stesheni."

"Na baada ya stesheni?"

"Bafuni," nikasema.

Ramadhani akaokota nyundo yake akaenda kugonga upande wa pili wa boti, kwa heshima. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na sita, lakini ilikwisha pale pale mchangani.

Njia nzima ya kurudi mjini mke wangu alinipa kisogo. Mngekuwa mnamjua kama ninavyomjua mimi, mngeogopa. Tulipofika nyumba ya wageni akakaa kitandani akavua viatu, akasema taratibu: "Watu wameshona sare. Wapo waliowaaga watoto wao tayari. Mpango huu niliupeleka mimi kwa mchungaji, kwa jina langu, kwa sababu ulisema wewe. Nikirudi kusema haupo, watanicheka mimi, si wewe." Machozi yalikuwa yanamlenga, na mke wangu si mtu wa kulia. "Kesho tunapanda Kalinzi. Tunashuka kwa miguu. Tukifika chini salama na tukapata boti, kwaya inakuja. Tukishindwa, tunavunja safari, na utakayesimama mbele ya kwaya ni wewe."

Niliona haya, wenzangu. Haya ya kweli, ile ya kwenye masikio.

Mwandiga hadi Kalinzi: kahawa isiyonyweka

Alfajiri tukachukua pikipiki mbili, tukapita Mwandiga wachuuzi wakiwa ndiyo wanapanga ndizi na mihogo barabarani, tukaanza kupanda. Baridi ya Kalinzi sikuisikia kwa abiria yeyote. Nilifika nikitetemeka, ukungu umelala juu ya migomba, mibuni imepandwa mpaka mlangoni kwa watu. Kuzuri, siwezi kuficha.

Mwendesha pikipiki mmoja alitufikisha kwa mama yake mdogo, Yustina, ambaye kila wiki hushuka ziwani na ndizi akarudi na dagaa. Siku hiyo alikuwa anashuka. Alitukaribisha kwa makofi laini na goti lililokunjwa, kisha akatupa vikombe. Mimi nikajiweka sawa nionje ile kahawa niliyoisifia kwa watu miaka nenda miaka rudi. Ilikuwa chai ya maziwa.

"Na kahawa?" nikauliza.

"Kahawa tunauza, baba. Sisi tunakunywa chai."

Hilo lifuteni katika maelekezo yangu. Kalinzi mtanywa chai, tena nzuri. Mama Neema alininong'oneza, "Uongo wa kwanza wa leo huo," akaendelea kunywa.

Kalinzi hadi ziwani: mteremko mtupu

Tuliondoka saa mbili asubuhi kamili; niliangalia saa. Yustina mbele na mkungu wa ndizi kichwani, mke wangu katikati, mimi nyuma, mahali nilipozoea. Hatukuwa tumekwenda hatua mia tukakutana na mzee mwenye jembe. Yustina akatua mkungu chini. "Mwakeye!" Ndiyo salamu ya Waha ya asubuhi. Akainama, akapiga makofi taratibu, naye mzee akapiga ya kwake, wakaanza: nyumbani, watoto, mama mgonjwa, maharage, ng'ombe. Wakimaliza upande huu wanaanza upande wa pili. Kisha nasi tukasalimiwa hivyo hivyo, mmoja mmoja, mpaka mzee akajua mjukuu wetu ameota meno mangapi. Mkungu ukapanda kichwani. Hatua mia nyingine, mama mwenye kuni. Mkungu chini.

Mimi nimeishi kwa ratiba. Kufikia saa tatu na nusu nilikuwa nimeshapiga hesabu: tumechelewa dakika hamsini na hatujatoka hata kwenye mibuni. Uzalendo ukanishinda. "Dada Yustina, hatuwezi kupunga mkono tukapita?"

Aligeuka akanitazama kwa huruma. "Ukipita hivyo, baba, watasema tuna msiba. Watatufuata kutupa pole, ndipo tutachelewa."

Mama Neema alicheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Ujiji. Nikafunga mdomo, nikaanza na mimi kupiga makofi. Na sikilizeni Mungu alivyo. Tulipofika mwisho wa mashamba, njia ilipogawanyika, akapanda mtu kutoka chini na gunia la dagaa begani. Salamu zikaenda kwa kina: watoto, ng'ombe, mama mkwe, mvua. Mwisho kabisa, alipokuwa ameshainua gunia lake, ndipo akasema, "Ego," ndiyo ya Kiha, "njia ya bondeni imemeguka juzi, imeondoka na mbuzi wa watu. Piteni ya mgongoni mwa mlima." Tungepunga mkono tukapita, tungekwenda bondeni. Nilitamani kumkumbatia na gunia lake.

Njia ya mgongoni inakupa ziwa lote. Linakuja ghafla: maji, maji, maji, na ng'ambo milima ya Kongo. Mama Neema alishika kiuno akasema, "Khaa! Na sisi tunapigana vikumbo kwenye bomba." Tukacheka wote, hata mimi niliyekuwa bado na kesi.

Halafu tukaanza kushuka kwenyewe. Mteremko mtupu! Wenzangu, aliyesema kushuka ni rahisi hajashuka. Vile viatu vya ibadani viligeuka sabuni. Nilianguka mara ya kwanza kwa makalio, ya pili kwa ubavu, ya tatu nikabaki chini. Magoti yalikuwa yanacheza yenyewe. Saa ilikuwa sita, ile saa sita yangu ya boti, na ziwa lilikuwa bado chini kabisa.

"Mama Neema," nikasema, "nimeshindwa. Rudi ukawaambie nilikuwa mwongo. Nitasimama, nitakubali."

Nilidhani atanisema. Alikuja akakaa chini karibu yangu kwenye majani, akanifuta udongo shavuni kwa ncha ya khanga. "Sikutembea mpaka hapa nikarudi na wewe mgongoni," akasema. "Nataka kwaya yangu ije. Nataka kina mama wale walione lile ziwa kama nilivyoliona mimi sasa hivi. Inuka, mume wangu."

Yustina alikuwa ananitazama kama fundi anavyoitazama kazi. "Tatizo lake hana mzigo," akasema. "Asiye na mzigo anajirusha." Akakata chane mbili za ndizi kwenye mkungu wake, akasokota kata kwa kitambaa, akanibandika kichwani. Mimi, gadi mstaafu, na ndizi kichwani! Lakini jamani, ukiwa na ndizi kichwani huwezi kuinama, huwezi kukimbia, huwezi kutazama miguu yako kwa woga. Unasimama wima, unaweka kisigino, unakwenda. Nilivua viatu, nikashika kimoja kila mkono. Sikuanguka tena. Mama Neema akaanzisha wimbo wa kwaya, sauti ya kwanza, nikaitikia besi huku shingo imenyooka, na wanawake wawili waliokuwa wanalima upande wa pili wa bonde wakatupigia vigelegele bila kutujua.

Tuligusa mchanga saa tisa kasorobo. Ule mwendo wa saa mbili nilioutangaza ulikuwa saa saba kasoro robo. Mke wangu hakusimama hata kidogo. Alipita moja kwa moja katikati ya dagaa walioanikwa, akaingia ziwani na viatu vyake, mpaka magotini, mpaka kiunoni, akachota kwa mikono akanywa, akajimwagia kichwani. Alikuwa anacheka kama siku niliyomwoa. Nikamfuata. Mtu wa Dodoma akiwa ndani ya maji ya bure mpaka kifuani hana cha kuomba tena, isipokuwa boti.

Ufukweni hadi Kibirizi: magunia ya kesho

Wanawake wa pale walitupikia dagaa wabichi kwa mawese, na tulikula kwa kasi isiyoelezeka. Nikiwa bado natafuna, boti ikapita. Nikakimbia majini nikipunga mikono yote miwili, kwa ishara zote za kazi ninazozijua. Nahodha alinipungia na yeye, kirafiki sana, akaenda zake.

Nikarudi nimekunja uso. Mama mmoja anayegeuza dagaa akaniambia, "Watu wawili hawasogezi boti, baba. Boti inasogezwa na mzigo." Akaita wenzake. Wakaburuta magunia kumi ya dagaa wakayapanga ukingoni mwa maji, safu nzuri, sisi tukasimamishwa nyuma yake kama wafanyabiashara. Iliyofuata ikageuza pua mara moja. Ilipogusa mchanga tukarukia ndani, na wale kina mama wakaanza kurudisha magunia yao juu.

"Mbona mnayarudisha?" nahodha akapiga kelele.

"Haya ya kesho!"

"Mmenidanganya tena nyinyi!" Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu, na alifoka mpaka injini ikazimika. Nilimwacha amalize. Kisha nikasogea karibu naye nikamwambia ukweli mtupu, sikuongeza hata chumvi: kwamba kuna kwaya, ni watu ishirini na wawili na chakula na ngoma zao, kwamba watashuka kwa miguu kutoka Kalinzi, kwamba sijui watafika saa ngapi, labda saa tisa, labda kumi, kwa kuwa njiani wanasalimia.

Akavua kofia. "Ishirini na wawili?"

"Na ngoma."

"Hao hawahitaji magunia. Nitakuja mwenyewe, nitavuta boti mchangani, nitawangoja hata wakifika jua linazama." Akampa Mama Neema mkono. "Ila waniimbie mpaka mwaloni Kibirizi, pale mjini boti zinapotia nanga."

Mama Neema aliniangalia juu ya maji yale. Boti itakayowangoja ufukweni, niliyoitangaza bila kuijua, sasa ilikuwepo, na nilikuwa nimeitafuta kwa miguu yangu. Nilipiga kelele ya furaha, watu wote botini wakageuka.

Nyumbani

Ijumaa iliyopita kwaya ilikutana. Mama Neema akasimama akawaambia: njia ipo, nimeipita, si ya saa mbili bali ya siku nzima, wenye magoti mabovu watakwenda na boti kutoka Kibirizi wakatusubiri chini, kila mtu aje na viatu vya maana, na kila mtu atabeba kitu kichwani. Watu wakashangilia mpaka mlinzi akachungulia. Kisha akakaa. Habari zangu hakuzigusa hata kwa neno moja. Makubaliano yetu yalikuwa nisimame tukishindwa, na tulikuwa tumeshinda.

Nikasimama. Niliwaambia yote mliyosoma hapa, kuanzia geti la stesheni mpaka bafuni. Bibi mmoja wa sauti ya pili, ambaye aliwahi kwenda Ujiji kwa maelekezo yangu na kuniletea zawadi ya mawese, alitikisa kichwa polepole. Mwalimu wa kwaya akavua miwani.

"Basi, Mwenyekiti," akamuuliza mke wangu, "kule mlimani atatuongoza nani?"

Mama Neema hakufikiri hata kidogo. "Yeye," akasema. "Anaijua njia."

Nikakaa chini haraka, maana magoti yalikuwa bado yananiuma, na mara hii yalikuwa yanauma kwa haki.